Chenga wa Mashineni

Jumatatu, 3 Juni

Kila msimu wa mavuno huwa naandika, maana ndio msimu ambao sipati nafasi ya kuongea na mtu. Mwaka huu nilitaka kuanza na mahindi. Nimelazimika kuanza na mwalimu wa chekechea.

Foleni ya madebe kwenye mashine yetu ya kusaga imefika barabarani, halafu mtu ananitumia ujumbe eti njoo haraka, ni kuhusu tabia ya mtoto. Nimekwenda na unga kichwani hivyohivyo.

"Mama, huyu mtoto ana kiburi," akaniambia. "Namwita, ananipa mgongo. Namwita tena, hatikisiki."

"Chenga? Chenga huyu?"

Tunamwita Chenga kwa sababu alizaliwa mdogo kama zile punje zinazovunjika zikabaki kwenye chujio. Sasa ana miaka mitano. Hasemi, ni kweli, anatoa sauti zake tu, lakini kuna watoto wanaochelewa. Mimi mwenyewe nilichelewa, na leo nani ananiweza kwa maneno? Nikamwambia mwalimu aje mashineni aone. Pale mtoto anaelewa kila kitu. Nikiinua kidole kimoja, anajua ni debe moja. Nikipangusa kifua, anajua mteja anataka kukobolewa kwanza, anakimbia kumwonyesha babu yake. Mashine ya kusaga ikinguruma hakuna anayeongea kwa mdomo, utapasua mapafu bure. Sote tunaongea kwa mikono: mimi, mume wangu, baba yangu aliyeianzisha, hadi wateja wa miaka mingi. Na katika sisi sote Chenga ndiye hodari.

"Hapa si mashineni," mwalimu akasema.

Nimeondoka bila kuaga.

Jumatano, 5 Juni

Magunia. Mgongo. Basi.

Jumamosi, 8 Juni

Maneno ya yule mwalimu yamekataa kunitoka. Leo asubuhi, kabla hatujaiwasha mashine, Chenga alikuwa jikoni amekaa chini, anapanga vifuniko vya chupa. Nimesimama nyuma yake na sufuria na mwiko. Nimejiona mjinga. Nikagonga mara moja, kwa nguvu.

Baba yangu, aliyekuwa uani, ambaye miaka thelathini ya mashine imemla masikio hadi tunamtania kwamba ana sikio la mashine, akauliza, "Nini hicho kimeanguka?"

Chenga akaweka kifuniko chekundu juu ya cha bluu.

Nikagonga tena. Nikagonga hadi mwiko ukavunjika. Ndipo akageuka, kwa sababu kipande cha mwiko kilimwangukia mguuni, akakiokota, akanipa, akacheka.

Jumanne, 11 Juni

Hospitali ya masikio ina chumba kidogo chenye kuta za sponji na dirisha la kioo. Chenga alikaa ndani akavalishwa vidude masikioni, nami nikakaa nje na mtaalamu, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini. Akaanza na sauti ndogo. Akapandisha, akazidi kupandisha. Mwishowe ile sauti niliisikia mimi niliye nje ya kioo, na Chenga bado anamtazama yule mama usoni, akingoja mchezo uanze.

"Mama, mtoto wako hasikii."

"Hasikii vizuri?"

"Hasikii. Ukimpigia ngoma karibu na sikio, labda atahisi mtikisiko." Akatazama karatasi zake. "Miaka mitano. Hamkugundua?"

Nilitaka kumrukia. Badala yake nikajikuta namweleza habari ya mashine na mikono, kama mtu anayejitetea polisi. Akaweka kalamu chini.

"Basi ndiyo maana," akasema.

"Ni ile mashine iliyomfanya hivi?"

"Sidhani. Inaonekana alizaliwa hivi."

"Hudhani, au unajua?"

"Siwezi kukuapia, mama."

Mimi nilisimama kwenye mashine ile na mimba hadi wiki ya mwisho. Wateja walinisifu. Mwanamke jasiri, walisema.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwambia mume wangu. Amesema, "Sawa." Sawa ipi? Huyu mtu hata ukimwambia nyumba inaungua atasema sawa, ndipo atafute ndoo. Jana nilidhani nitalia naye. Nimelia na beseni la nguo.

Ijumaa, 14 Juni

Nimempiga marufuku Chenga kukanyaga mashineni. Kuanzia leo atashinda kwa jirani yetu anayeshona, kwenye utulivu.

Baba yangu hakukubali. Alinifuata hadi kwenye pipa la dizeli. "Mtoto mzima kama huyu unamfungia ndani kwa kosa gani?"

"Mtoto mzima? Baba, hasikii!"

"Mbona mimi naelewana naye vizuri?"

"Kwa sababu na wewe ni kiziwi! Wewe ndiye uliyetuletea hili dude, limekula masikio yako, likaja likala ya mwanangu tumboni."

"Sikusikii," akasema, akaenda zake. Alinisikia. Alisikia kila neno.

Jumapili, 16 Juni

Hatusemezani na Baba. Hata kwa mikono.

Jumatano, 19 Juni

Lugha yetu imejaa masikio. Nilikuwa sijui. Sikio la kufa halisikii dawa. Sikio halipiti kichwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hilo la mwisho nilimwambia Chenga mwaka jana alipodondoka kutoka kwenye magunia, nikamchapa na kofi juu yake, kwa sababu nilikuwa nimemwita mara tatu ashuke. Mara tatu. Nilihesabu kwa sauti kabisa.

Siwezi kukaa. Nikikaa mguu unacheza. Leo nimefagia kibanda cha mashine mara nne, na mteja mmoja akaniuliza kama kuna mgeni anakuja.

Jumatatu, 24 Juni

Tumepewa vifaa vya kusikia vya kujaribu, viwili, vyeupe, kimoja kila sikio. Nimevishika kama mayai. Mtaalamu amesema tusitegemee makubwa, lakini aliyetota haogopi mvua, mimi nimetegemea.

Jioni nimempakata Chenga, uso kwa uso. "Sema mama. Maaa-ma." Alinitazama midomo. Akaingiza kidole kinywani mwangu aone kuna nini humo.

Jumanne, 25 Juni

Maaa-ma. Hakuna.

Jumatano, 26 Juni

Hakuna. Mume wangu amekwenda mjini kuleta dizeli, amerudi jioni mikono mitupu, eti foleni. Msimu wenyewe ndio huu! Nimemwambia nilichomwambia. Amesema sawa.

Jumanne, 2 Julai

Chenga amevua kifaa kimoja akakitupa. Wapi? Anajua yeye. Jirani anayeshona amegeuza vitambaa vyote, hakuna. Nimerudi mashineni nalia na kutukana kwa pamoja.

Saa kumi alasiri akaja mwanamke mmoja niliyemuuzia pumba za kuku asubuhi. Akafungua kiganja. "Dada, hiki kitu kilikuwa kinapiga miluzi ndani ya pumba zako. Kuku wamegoma kula."

Kumbe Chenga hakukaa kwa jirani. Baba yangu amekuwa akimtorosha kila siku saa nne, anamwingiza kwa mlango wa nyuma na kumkalisha kwenye chumba cha pumba, halafu wawili hao wanapiga soga za mikono mimi nikiwa nimewapa mgongo. Jirani naye alikuwa anajua. Mtaa mzima ulikuwa unajua isipokuwa mimi.

Sijui nilicheka kwa nini. Nilicheka hadi yule mwanamke wa kuku akarudi nyuma hatua moja. Ila nimempeleka mtoto nyumbani, na mlango wa nyuma nimeutia kufuli.

Jumanne, 9 Julai

Vipimo tena. Vifaa havijamsaidia. "Anapata mtikisiko, maneno hayapati," alisema mtaalamu. Akanipa karatasi ya shule. Shule ya watoto wasiosikia, bweni, safari ya nusu siku kutoka hapa. Wanafundisha lugha ya alama, kusoma, kila kitu. Kuna nafasi moja kwenye darasa la wadogo. Wanataka jibu kabla ya tarehe kumi na tano Agosti, na muhula unaanza Septemba.

"Bweni? Ana miaka mitano!"

"Ndiyo maana nakuambia sasa. Mtoto asiye na lugha hadi miaka saba, minane, ni kazi kubwa kumrudisha."

"Lugha anayo. Ana mama."

"Mama, wewe unaweza kumweleza kwamba kesho kutwa mtakwenda kwa shangazi yake, na kwamba shangazi ni mgonjwa?"

Nimejaribu njia nzima kwenye basi. Debe moja, koboa, laini, simama, zima, njoo, mtu mwongo, mtu bahili. Hatuna kesho kutwa. Hatuna ugonjwa. Mashineni havihitajiki.

Jumatano, 10 Julai

Simpeleki. Nimeandika hapa ili nijione nimeandika.

Jumamosi, 13 Julai

Nani atamfunika usiku? Ana tabia ya kupiga blanketi teke. Atamwambia nani kwamba tumbo linamuuma? Mume wangu ameisoma karatasi ya shule akaikunja mara nne akaitia mfukoni. Nimemuuliza, "Unasemaje?" Amesema, "Tutaona." Angalau si sawa.

Jumatano, 17 Julai

Mkanda wa mashine umekatika saa nne asubuhi, watu wamejaa. Tulipokuwa tunamngoja fundi, wateja wakakaa juu ya magunia wakipiga porojo kama watu walio harusini. Mvulana wa nani kapata kazi, bei ya mbolea, habari hizo.

Baba yangu akaingia na Chenga, mbele ya macho yangu, bila hata kujificha. Sikuwa na nguvu ya kugombana. Nikasema moyoni, potelea mbali, mashine imezima, kelele hakuna.

Mtoto alianza vizuri. Akamwendea mama mmoja mzee, mteja wetu wa siku zote, akampa alama ya "leo laini au chenga?" Yule mama akamshika shavu, akaendelea kuongea na mwenzake. Chenga akarudia. Kisha akamwendea mwingine, akamfungua mikono aliyoikunja kifuani, akaitikisa. Akamwendea baba yake, akamvuta vidole. Kila mtu alimchekea, na kila mtu akarudi kwenye porojo zake. Ghafla akaiendea mashine akaipiga mateke, akapiga kelele ile yake nzito. Nikamdaka. Akaning'ata hapa, chini ya dole gumba, meno yote.

"Una nini wewe?" nikampigia kelele. Kwa mdomo!

"Anataka mashine iwake," Baba akasema.

"Kila mtu hapa anataka mashine iwake!"

Nilimrudisha nyumbani kwa kumburura. Nimekuwa mama wa kuburura.

Jumamosi, 20 Julai

Mvua isiyo ya wakati. Tumefunika magunia kwa turubai. Kidonda cha meno kimetunga usaha kidogo.

Jumamosi, 27 Julai

Nitaandika kabla sijalala.

Leo lilikuja lori la mnunuzi kuchukua magunia mia. Kwa kawaida lori linaingia kwa kinyumenyume kutoka barabarani hadi mlangoni, nyuma limejaa turubai, dereva haoni kitu, anategemea kuelekezwa kwa makelele. Mashine ilikuwa imezimwa makusudi ili dereva asikie. Mimi nilikuwa mlangoni nikipaza sauti: "Njoo! Njoo! Kata kushoto!"

Chenga alitoka upande wa nyumba ya jirani. Alikuwa amechuchumaa katikati ya njia, anaokota punje zilizomwagika na kuzitia kwenye gauni. Alinipa mgongo, akalipa lori mgongo. Lori linapiga king'ora cha kurudi nyuma, ti-ti-ti, kila mtu mtaani anakisikia.

Nikaita. Mungu wangu, nikaita. Mimi nina sauti ya mashine, watu wananisikia hadi sokoni. "Chenga! Chenga! Toka!" Wateja wote wakaita. Watu ishirini tunaita jina la mtoto, na mtoto anaokota mahindi. Miguu yangu haikwenda. Hilo ndilo sitajisamehe: nilisimama nikaita, kwa sababu maisha yangu yote nimeamini sauti yangu inatosha.

Baba yangu hakuita. Alivua kiatu akakirusha. Kiatu kikatua mbele ya Chenga, kwenye punje. Akainua kichwa. Baba akampa mikono miwili, njoo, upesi. Akaja mbio akimwaga mahindi, na lori likapita juu ya kiatu.

Dereva alishuka analia, mtu mzima. Mimi sikulia. Nilikwenda kukaa chumba cha pumba. Baba akaja akakaa karibu, mguu mmoja peku.

"Baba, yale niliyosema kuhusu mashine na masikio…"

"Sikusikii," akasema, akanipiga begani.

Jumapili, 28 Julai

Mume wangu ameongea. Nitaandika yote, maana sijui lini ataongea tena.

Tulikuwa mezani, Chenga anakula. Akaondoa sahani yake pembeni, akamgusa mtoto bega, akafanya kitu kwa vidole. Sikukijua. Chenga akakitazama, akatua kijiko. Akafanya kingine. Na kingine.

"Hiyo ni maji," akasema. "Hiyo ni kesho. Hii ni inauma. Hii ni mama. Najua kumi na moja."

"Umejifunzia wapi?"

"Kwenye ile shule ya bweni. Nilisikia habari zake mjini hata kabla ya karatasi yako. Zile siku za dizeli. Nilikwenda mara tatu." Alikuwa anaongea huku anatazama meza. "Mara ya kwanza niliishia getini. Niliona aibu. Mara ya pili mlezi wa bweni akaniingiza. Mke wangu, kule watoto wanagombana. Wanatukanana, wanasingiziana, wanasemeana kwa mwalimu. Kuna mmoja kama Chenga huyu alinieleza ndoto yake, mlezi akanitafsiria. Ndoto nzima! Mimi sijui kama mwanangu anaota."

Miezi miwili nimemwona huyu mtu kama gogo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungepiga kelele."

Ni kweli. Ningepiga.

Jumatatu, 12 Agosti

Tumejibu. Ndiyo.

Jumanne, 20 Agosti

Nimeshona jina lake kwenye blanketi, pande nne zote. Jirani amesema upande mmoja unatosha. Hayamhusu.

Jumamosi, 31 Agosti

Mavuno yamekwisha, foleni hakuna. Chenga ameshinda mashineni siku nzima, kwa ruhusa yangu. Nimejua alama tisa. Mume wangu ana kumi na tisa na anajidai. Baba anasema yeye mzee, hajifunzi kitu, lakini nimemfuma nyuma ya pipa anajifunza "kesho."

Jumatatu, 2 Septemba

Nimempeleka. Nilijiandaa kwa kilio, nilikuwa na leso mbili. Tulipoingia uwanjani akaona watoto, mikono inaruka huku na huku. Akasimama. Akaniachia mkono. Sikumwachia mimi, aliniachia yeye. Hakugeuka.

Leso zote mbili nimezimaliza kwenye basi.

Jumamosi, 14 Septemba

Nyumba ni kubwa mno. Nimefagia.

Jumamosi, 28 Septemba

Siku ya wazazi kutembelea. Nimefika saa tatu, kabla geti halijafunguliwa, nikazunguka ukuta kama mwizi.

Uwanjani walikuwa watoto kama mia mbili, wote sare moja, wote vichwa vimenyolewa sawa. Sikumwona wangu. Nikafanya nini? Nikaita. "Chengaaa!" Migongo mia mbili. Hakuna hata mmoja aliyetikisika. Mlezi wa bweni, mama mnene anayesikia kama mimi, akanitazama kwa huruma. "Kila mzazi hufanya hivyo mara ya kwanza," akasema. Akanielekeza kwa kidole.

Alikuwa chini ya ukuta, amesimama juu ya tofali, watoto saba au wanane wamemzunguka. Anasimulia. Mwanangu, ambaye nilimwona miaka mitano akiomba maji na kuonyesha debe moja, anasimulia. Mikono inakwenda, uso unakwenda, mabega yanakwenda. Akafanya kitu kikubwa kinachozunguka, akatikisika mwili mzima, wenzake wakacheka. Mtoto mmoja akamkatiza na swali, akamjibu, akaendelea. Nilijua alama moja katika kumi. Nilisimama pale kama mtu aliyewasili nchi ya kigeni bila mwenyeji.

"Anasema nini?" nikamvuta mlezi mkono. "Niambie anasema nini."

Mlezi akatazama kidogo.

"Anawaeleza kwao. Anasema kwao kuna mashine kubwa, sakafu inatikisika hadi tumboni. Anasema ikiwaka, watu wote wanaongea. Mama, baba, babu, hata wageni." Akafuatisha vidole. "Huyu rafiki yake anamwambia muongo, hakuna mahali kama hapo. Yeye anasema, haki ya Mungu, wote."

"Halafu?"

"Halafu anasema jioni mnaizima, na nyote mnakuwa viziwi."

Nilimwambia mlezi anifundishe alama ya samahani. Akanionyesha. Niliifanya pale nilipo, nikaifanya tena, mara tatu, ndipo Chenga akaniona. Akaruka kutoka kwenye tofali akaja mbio. Hakunikumbatia kwanza. Alinishika mkono, akautazama, akanirekebisha vidole.